HAKI YA MTOTO KATIKA ZIWA LA MAMAKE

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Ndugu Waislamu, somo letu la leo ni juu ya kunyonyesha. Twajua ya kuwa watakuwako miongoni mwa wasomaji wetu watakaocheka na kusema: "Masheikh wana nini na ziwa la mzazi? Hayo ni mambo ya wakunga na akina bibi." Jawabu yetu ni kuwa, lau jambo hili lingekuwa dogo, lisingetajwa katika Qur'ani mahali pengi, wala mafakihi wasingelitengea mlango wake peke yake katika vitabu vya fiqhi, nao ni mlango wa Radhaa. Tumeyaacha kwa akina bibi yale ambayo Sheria imemkalifisha baba, na madhara yake twayaona majumbani mwetu.

YALIYOTUPELEKEA KUANDIKA

Tulikwenda Rongai kuwazuru jamaa zetu. Rongai tuisemayo si ile Ongata Rongai iliyo kando ya Nairobi, bali ni Rongai ya Nakuru, iliyo magharibi ya mji huo katika njia ya reli iendayo Eldoret na Uganda. Ni nchi ya mahindi na ngano na ng'ombe wa maziwa, na kina mama wengi huko hufanya kazi za kibarua mashambani.

Asubuhi moja tulipotoka kuswali tulimkuta jirani wa mwenyeji wetu yu zizini, ng'ombe wake amezaa usiku ule. Mzee yule alikuwa amemshika ndama akimsogeza kwenye chuchu za mamake, naye ndama hata kusimama hajui. Tukamwuliza mbona ana haraka hivyo. Akatujibu: "Shehe, huyu asipopata dang'a leo, keshokutwa nitamzika." Tukastaajabu kwa elimu yake, tukaenda zetu.

Jioni ya siku ile ile, baada ya Isha, mwenyeji wetu alituletea mkwewe, kijana mwenye huzuni na hasira pamoja. Akatueleza ya kuwa mwanawe ana miezi minne, amekonda mpaka mbavu zahesabika, anaharisha, na kilio chake kimekuwa chembamba. Wanawake wa mtaani wamesema mtoto amebemendwa. Wasomaji wetu wa pwani hawahitaji kufasiriwa neno hili. Maana yake ni kuwa mama au baba amekwenda kinyume, au wawili hao wamekutana kabla ya mtoto kulikizwa, na ati joto lile limemharibu mtoto. Kijana akasema: "Shehe, mimi najijua. Basi kosa ni lake. Nataka nimwandikie talaka yake kesho, nawe uwe shahidi."

Tukamwambia: "Mwanangu, talaka haikimbii. Kwanza tueleze mtoto huyu amekula nini tangu kuzaliwa kwake." Naye hakujua. Ikabidi aitwe mkwewe wa kike, na huyu ndiye aliyetueleza yote. Siku tatu za kwanza maziwa ya mzazi yalikamuliwa yakamwagwa, kwa kuwa yalikuwa ya manjano na mazito, wakaambiwa ni maziwa machafu; mtoto akapewa maji ya sukari. Alipotimiza miezi miwili mama alirudi kwenye kibarua, kwani ujira wa siku haumngoji mtu. Mtoto akaachwa kwa nyanya yake na chupa, na ndani ya chupa maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji, na siku nyingine uji mwepesi.

Ndugu zetu, tulikaa kimya. Tulikumbuka ndama wa asubuhi. Ndama amepewa haki yake saa ile ile aliyozaliwa, na mtoto wa Mwislamu haki yake imemwagwa mchangani.

HUKUMU YA SHERIA

Katika Sura ya Albaqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amewaelekeza wazazi wa kike wawanyonyeshe watoto wao muda wa miaka miwili kamili, kwa atakaye kuutimiza. Kisha akamlazimu baba chakula na mavazi ya mama kwa wema, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Akakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na baba vile vile. Na wakitaka kumlikiza kabla ya muda huo, sharti iwe kwa kuridhiana na kushauriana wote wawili. Basi hata kuachisha ziwa si amri ya mmoja, sembuse ya wapita njia!

Na katika Sura ya Attalaq, aya ya 6, mke aliyeachwa akimnyonyeshea mtoto wake mume, yapasa alipwe ujira wake. Aya hii tulimsomea kijana yule, tukamwambia: "Ukimwacha hutakuwa umeikimbia gharama, utakuwa umeivunja nyumba na gharama i pale pale."

Wala msidhani kuwa haya ni maneno matupu. Katika Sahihi Muslim imo habari ya mwanamke wa kabila la Ghamid aliyekuja kwa Mtume (S.A.W.) akakiri kosa zito ili ahukumiwe. Alirudishwa mpaka azae, na alipozaa akarudishwa tena mpaka amlikize mtoto wake. Tazameni: haki ya mtoto mchanga katika ziwa ilitangulizwa juu ya hukumu.

MAZIWA YA MANJANO

Maziwa yale ya siku za kwanza, yaitwayo dang'a, ndiyo yanayodhaniwa na wengi kuwa uchafu. Madaktari wamethibitisha kinyume chake. Ni machache kwa kipimo, lakini yamejaa kinga ambayo mwili wa mama umeitengeneza kwa maradhi aliyopambana nayo. Kinga hiyo hutandaa katika matumbo ya mtoto ikazuia vijidudu visipenye, nayo humsaidia kutoa kinyesi cheusi cha mwanzo. Ndama huzaliwa hana kinga hiyo kabisa, ndipo mfugaji akawa na haraka. Mtoto wa binadamu hupata sehemu yake tangu tumboni. Lakini sehemu iliyobaki imewekwa katika dang'a. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linausia mtoto atiwe ziwani katika saa moja ya kwanza baada ya kuzaliwa.

Na faida haiko kwa mtoto tu. Mtoto anaponyonya, mji wa uzazi wa mama hujikunja, na damu hupungua. Mwenye kunyonyesha muda mrefu hupungukiwa na hatari ya saratani ya matiti na ya ovari. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2016 katika jarida la matibabu la The Lancet ulikadiria kuwa lau wanawake wa dunia wote wangenyonyesha ipasavyo, vifo vya watoto wadogo 823,000 vingeweza kuepukwa kila mwaka, na vifo vya kina mama 20,000 kwa saratani ya matiti.

MIEZI SITA YA MAZIWA MATUPU

Usia wa matabibu ni kuwa miezi sita ya kwanza mtoto apewe maziwa ya mamake matupu, bila maji, bila uji, bila chai. Baada ya hapo aongezewe vyakula vingine, na kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Mwenye akili na atazame namna elimu ya leo ilivyokuja kusimama kwenye miaka ile ile miwili tuliyoisoma kwa walimu wetu tungali wadogo.

Sisi watu wa pwani husema: "Jua letu kali, mtoto ataona kiu." Jawabu ni kuwa karibu sehemu tisa katika kumi za maziwa ya mama ni maji, anyonyaye amekunywa. Ama maji ya kikombe, pamoja na kuwa huenda yakawa na uchafu, hujaza tumbo dogo pasipo kulisha, na mtoto akishiba maji hanyonyi. Na asiponyonya, maziwa ya mama hupungua. Kwani ziwa ni kama kisima: hujaa kwa kutekwa.

Na maziwa ya ng'ombe je? Ni mazuri, nasi twayanywa. Lakini yaliwekwa kwa ndama, akue upesi awe na misuli na kwato. Yana protini kiasi cha mara tatu ya maziwa ya mama, mzigo mzito kwa mafigo ya mtoto mchanga, nayo yana upungufu wa madini ya chuma yanayohitajiwa na damu. Ukiyatia maji ili kupunguza uzito huo, umepunguza na chakula. Ukiyatia katika chupa yenye chuchu ya mpira isiyochemshwa vizuri, umeongeza kuharisha juu ya njaa. Hii ndiyo hali aliyokuwa nayo mtoto wa Rongai, na jina lake ni utapiamlo, si jina jingine.

Katika nchi yetu ya Kenya hali imepata kuwa mbaya, kisha ikatengenea. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya miezi sita, 13 tu ndio waliokuwa wakipewa maziwa ya mama matupu. Mwaka 2014 walifika 61, na mwaka 2022 walikuwa 60. Basi maendeleo yamekuja, kisha yamesimama. Wale arubaini waliobaki katika kila mia wamo miongoni mwao watoto wetu.

UWONGO WA KUBEMENDA

Sasa tuingie katika jambo hili la kubemenda, maana limevunja nyumba na kuua watoto. Mtume (S.A.W.) alipata kufikiri kukataza ghila, yaani mume kumwendea mkewe anyonyeshaye; kisha akatazama Warumi na Waajemi, akaona wao hufanya hivyo wala watoto wao hawadhuriki, basi hakukataza. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Zingatieni: Mtume aliangalia hali za watu ilivyo, na alipoona hapana madhara akaliacha jambo katika halali yake. Sisi leo twaharimisha alichohalalisha, tena kwa ushahidi wa uvumi!

Na madhara ya itikadi hii ni matatu. Kwanza, humfanya mume amdhulumu mkewe kwa tuhuma isiyo na bayana, na tuhuma ya zina bila ya mashahidi wanne mwajua hukumu yake. Pili, huwafanya wengine wamlikize mtoto mapema ili wapate kukutana, na hapo ndipo mtoto hukonda kweli. Tatu, na hili ndilo ovu kupita yote, mtoto mgonjwa hufichwa ndani kwa aibu, akafukizwa na kuoshwa kwa mizizi hali ya kuwa dawa yake iko hospitali. Na mama akishika mimba hali anyonyesha, maziwa yake hayageuki sumu. Na amwone mkunga wa hospitali, amshauri kwa kadiri ya afya yake.

GHARAMA NI YA NANI?

Wengi waandikao juu ya kunyonyesha huwalaumu kina mama tu. Sisi hatuoni hivyo. Mama yule wa Rongai hakumwacha mwanawe kwa starehe. Alikwenda kutafuta unga. Wanahistoria wametusimulia ya kuwa Sayyidna Umar bin Alkhattab (R.A.) alikuwa akiwapa posho ya hazina watoto waliokwisha kulikizwa tu. Usiku mmoja alipokuwa akilinda msafara nje ya Madina alisikia mtoto akilia bila kunyamaza. Alipomwuliza mamake, ambaye hakumjua kuwa ndiye Khalifa, akamjibu kuwa anamlikiza kwa nguvu kabla ya wakati ili apate posho. Umar aliswalisha Alfajiri watu wasisikie vema kisomo chake kwa kulia, akajilaumu kwa watoto waliokufa kwa amri yake. Kisha akatangaza kuwa kila mtoto apewe posho tangu kuzaliwa, wala watu wasifanye haraka kuwalikiza.

Umar hakumkemea mama. Aligeuza amri iliyomlazimisha. Hili ndilo somo kwetu sisi wanaume, na wenye mashamba na maduka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imempa mwanamke mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea, na wampe mama nafasi ya kunyonyesha isiyozidi saa moja katika kila saa nane za kazi. Lakini kibarua wa siku anayajua hayo? Na mwenye duka wa Kiislamu aliyeajiri mtumishi wa nyumbani mwenye mtoto mchanga anayafanya? Tujihesabu kabla hatujahesabiwa.

Na palipokuwa hapana budi mama kutoka, akamue maziwa yake katika chombo safi, mtoto anyweshwe kwa kikombe. Maziwa hayo hukaa kivulini saa nne bila kuharibika, na katika friji siku nne. Naye mama alishwe. Ndugu zetu Wakikuyu humpa mzazi njahi. Na katika ajabu za dunia, aina moja ya njahi iliyotoka Rongai ilipelekwa Australia, ikatolewa kwa wakulima wa huko mwaka 1962 kwa jina lile lile la Rongai, ikawa malisho ya ng'ombe. Wageni wameithamini kwa mifugo wao. Sisi je, mke wa Mwislamu akose sahani yake arubaini ikiisha? Uji wa pilipili manga usiwe wa arubaini tu.

MASWALI

Huenda mtu akauliza: Mbona Mtume (S.A.W.) aliwafanyia watoto tahniki kwa tende, nanyi mwasema mtoto asipewe kitu? Jawabu: Tahniki ni kidogo cha tende iliyolainishwa kinachopakwa katika kaakaa, wala si mlo. Ifanywe kwa mikono misafi, na isiwe ndiyo hoja ya maji ya sukari na vikombe vya uji. Ama asali, asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani huenda ikawa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda. Kuwa asali ni ponyo hakuondoi kuwa kila dawa ina mtu wake na umri wake.

Swali la pili: Mama mwenye virusi vya Ukimwi anyonyeshe? Jawabu: Zamani wengi walikatazwa. Leo Shirika la Afya Duniani linausia kuwa mama anayetumia dawa zake sawasawa anyonyeshe, miezi sita ya kwanza maziwa matupu, naye na mtoto wakiwa chini ya uangalizi wa hospitali. Asiache dawa, wala asichanganye maziwa yake na vyakula vingine katika miezi hiyo.

Swali la tatu: Katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 2019 benki ya maziwa ya kina mama, ya kuwalisha watoto wachanga walio dhaifu. Je, yafaa? Jawabu: Katika madhehebu yetu ya Shafi, mtoto aliye chini ya miaka miwili akinyonyeshwa mara tano mbalimbali amekuwa mwana wa aliyemnyonyesha, na watoto wa mama yule ni nduguze, haifai kuoana. Kwa kuchelea nasaba hizo kuchanganyika, baraza la fiqhi la Jeddah lilikataza benki hizi katika nchi za Kiislamu mwaka 1985. Sheikh Yusuf Alqaradawi yeye alizijuzisha, kwa kuona kuwa kunywa katika chombo si kunyonya. Nasi twaona kuwa pakiwa na dharura ya uhai, uhai hutangulia. Na wazazi waombe kujulishwa mtoaji, wakaandike jina lake mahali pasipopotea, ili kesho ndugu wasioane bila kujua.

MWISHO WA HABARI

Kijana yule hakuandika talaka. Asubuhi yake alimchukua mkewe na mtoto mpaka hospitali. Mwuguzi alimpima mtoto, akaitazama ile chupa, akaitia katika taka. Mtoto alitibiwa kuharisha, akaanza kulishwa kwa utaratibu, na mama akafundishwa kumtia ziwani mara kwa mara mchana na usiku hata kama maziwa yamekauka. Siku za kwanza hakutoka kitu. Mama akalia, na mkwewe akasema tumemsumbua bure. Siku ya sita maziwa yakaanza kurudi. Mume alimwachisha kibarua, akabeba yeye kazi mbili mpaka mtoto alipotimiza miezi sita.

Miezi kadhaa baadaye tuliletewa salamu kuwa mtoto anatambaa, na kuwa nyanya yake sasa ndiye mwenye kuwaambia wazazi wa mtaani wasimwage dang'a. Na yule mzee wa zizini, aliposimuliwa habari hii, alisema neno moja tu: "Mbona hamkuniuliza mimi?"

Basi ndugu, tulifikishe somo hili majumbani. Baba asikae barazani akingoja habari kutoka ndani. Aulize, agharimie, alinde. Mtoto hana ulimi wa kudai haki yake, na asiye na ulimi, wakili wake ni wewe.

Wabillahi ttawfiq.